Nzuri, Ila

Tangazo lilibandikwa Jumatatu, kwenye mlango wa chumba cha kushonea, juu kidogo ya swichi ya taa, kwa gundi ile ile tunayobandikia namba za saizi. Nalijua kwa moyo kama wengine wanavyojua siku yao ya harusi. "Kuanzia leo maamkizi baina ya wafanyakazi yasizidi sekunde tano. Atakayezidisha atapewa barua." Chini yake saini ya Meneja, kubwa, yenye mkia kama wa panya.

Pale kiwandani watu hudhani mambo yakipita yamepita. Kwangu hayapiti. Nakumbuka feni ya pili ilivyoshushwa darini "kwenda kutengenezwa". Mwaka huu inatimiza miaka tisa huko kwa fundi, nadhani imeshaoa. Nakumbuka viti vyenye migongo vilivyoondolewa wiki ya ukaguzi na kurudishwa vigoda. Yote nimeyaandika nyuma ya karatasi za ruwaza, na karatasi hizo ninazo.

Meneja alikuwa amepiga hesabu. Watu sitini na nne, kila mmoja akiuliza habari za nyumbani, za watoto na za kazi, kiwanda kinapoteza mashati kumi na manane kwa siku. Akanunua saa ya kubonyeza, ile wanayopimia wakimbiaji, akaivaa shingoni kwa kamba nyekundu. Asubuhi anasimama mlangoni, dole gumba tayari. Kabla ya saa nne siku hiyo tulikuwa tumeshampa jina: Bwana Sekunde.

Sasa kuna jambo ambalo Bwana Sekunde hakulijua, maana alisomeshwa sana. Ukimuuliza mtu wetu habari, atakujibu nzuri. Paa limeng'oka, nzuri. Ana homa inayomtetemesha meno, nzuri. Hiyo nzuri ni mlango tu, nyumba iko nyuma yake. Unauliza za nyumbani, nzuri. Za watoto, wazima. Za kazi, tunashukuru. Halafu kinakuja kimya kidogo, na ndani ya kimya hicho ndimo mtu anamosema, "Ila." Ila mdogo hajala tangu juzi. Ila ule waya wa cherehani ya nne una moto. Meneja aliyepita alikuwa na makosa yake, nayo nimeyaandika, lakini masikio alikuwa nayo. Ule waya aliusikia kwenye "ila", akauzima mwenyewe, na ndiyo sababu kiwanda bado kina paa la kuwekea tangazo chini yake.

Na "ila" nyingi zilipitia kwa Mama Pasi. Ndiye mkubwa wetu kwa umri, miaka thelathini na moja kwenye pasi ya mvuke, meza ya kwanza mlangoni. Kila anayeingia hupita kwake kama uzi unavyopita kwenye tundu la sindano. Haulizi habari kwa mazoea. Anauliza halafu anangoja, na pasi inangoja naye.

Barua mbili za kwanza alizipata wiki ile ile ya tangazo, kwa makosa madogo, dakika moja na kitu. Ya tatu, wiki iliyofuata, ndiyo iliyoniondolea usingizi. Fundi wetu wa vifungo, binti wa watu, alirudi kazini kutoka kumzika mumewe. Mama Pasi akasimamisha pasi, akamshika mikono yote miwili, akamwamkia. Bwana Sekunde alisimama nyuma yao, kimya kama mwizi wa kuku, mpaka walipoachana. Dakika nne na sekunde kumi na mbili. Barua ilisema afike kwenye kikao cha nidhamu Ijumaa saa nane mchana, na barua ya tatu haina maana nyingine. Anafukuzwa. Miezi minne tu ilibaki astaafu kwa heshima. Akifukuzwa, anatoka kama alivyoingia, mikono mitupu.

Mimi ndiye mkata kitambaa, wananiita Mkasi, na ndiye niliyechaguliwa kuwasemea wenzangu. Nikapanda ofisini.

"Bwana Meneja, yule binti alitoka kuzika."

"Angepewa pole wakati wa chakula."

"Msiba hauna ratiba."

"Kiwanda kinayo," akasema, akafungua mlango nipite.

Kilichomsukuma zaidi ni mgeni. Wiki hiyo hiyo, siku ya Alhamisi, alikuwa anakuja mnunuzi kutoka nchi ya mbali yenye baridi, mama mmoja mwenye kutafuta kiwanda cha kumshonea sare za wauguzi kwa miaka miwili. Meneja alimtaka mgeni huyo kama fisi anavyotaka mfupa. Akatuletea mkufunzi wa kutufundisha maamkizi ya kwao.

Mkufunzi alikuja amevaa koti lililokatwa vibaya begani. Mtu mwenye bega lile nisingemwamini hata akiniambia saa ngapi. Akatupanga mistari miwili kati ya meza, akaburuta sanamu ya kupimia nguo, akaiweka mbele yetu. "Huyu ndiye mgeni," akasema. "Simama mbali, urefu wa mkono. Mikono mapajani. Macho chini. Inamisha kichwa mara moja. Nyamaza."

Tukainamia sanamu. Sanamu ile haina kichwa, kwa hiyo mpaka leo sijui kama iliitikia.

Kijana wa overloki, mashine ya kufunga kingo za nguo, akanyoosha mkono. "Mwalimu, na akituuliza habari?"

"Hatauliza. Kwao hawaulizi."

"Sasa wanajuaje kama mwenzao mzima?"

"Wanamwona."

"Na ugonjwa wa ndani?"

Mkufunzi akatazama karatasi yake, akageuza upande wa pili, akakuta mweupe. "Tuiname tena," akasema.

Siku mbili tuliinamia sanamu. Jumatano Meneja akatoa amri ya mwisho: kesho Mama Pasi akae stoo, akunje vipande vya kitambaa, mlango ufungwe. "Huyu atamshika mgeni mkono," akaniambia. "Atatuharibia."

Mama Pasi hakubisha. "Stoo kuna kivuli," alisema tu. Lakini nilimwona akiitoa ile barua kwenye aproni, akaitandika juu ya meza na kuipiga pasi taratibu, kwa mvuke mdogo, mpaka mikunjo yote ikatoka.

"Unaipigia nini, mama?"

"Mwanangu, kama nafukuzwa, nifukuzwe na karatasi safi."

Nilirudi kwenye meza yangu nikiwa na hasira ya kukata chuma. Hapo ndipo akatokea shemeji yangu, dereva wa kampuni, mume wa dada yangu. Alikuwa ametoka kumpokea mgeni na kumfikisha hotelini. Akajiegemeza kwenye robota la kitambaa.

"Shemeji, huyo mama mliyeambiwa haongei ameniongelesha mpaka nimepita kona mbili."

"Kaongea nini?"

"Kaniamkia. Ana daftari. Kaniuliza habari za safari, na msafiri ni yeye. Kaniuliza za watoto, nikamwambia wazima. Kaniuliza za mke. Nikamwambia mke mzima, ila ana kaka mmoja mbishi, kazi yake kukata vitambaa na maneno."

"Anaongea lugha yetu?"

"Polepole, kama anavuka mto kwa kukanyaga mawe. Lakini anavuka. Miezi sita anajifunza. Anaogopa kutukosea adabu. Kaniuliza, kesho nikiingia naanza na nani?"

Nikaweka mkasi chini. "Ukamjibuje?"

"Nikamwambia nitauliza wanaojua. Sikuwapata, nikaja kwako."

Fikiri hilo kidogo. Sisi tumeinamia sanamu siku mbili tufanane nao, na huko kwao mtu amekesha na daftari miezi sita afanane nasi. Na katikati yetu amesimama Bwana Sekunde na kamba yake nyekundu.

"Kesho njiani mwambie hivi," nikasema. "Hapa huanzwa na mkubwa. Mkubwa wa umri, si wa cheo. Kabla hajaamkiwa yeye, hakuna mwingine anayeamkiwa."

"Hiyo kweli?"

"Nusu."

"Na nusu nyingine?"

"Itatufikisha tunakokwenda. Mwambie pia asiondoke kwenye 'nzuri'. Angoje 'ila'."

"Hiyo kweli yote."

"Na mwambie akikubali kuendelea bila huyo mkubwa, ni kama amempiga teke mama wa watu mbele ya watoto wake."

"Hapo umetia chumvi, shemeji."

"Wewe peleka chakula. Mpishi ni mimi."

Akacheka, akaondoka akizungusha funguo kidoleni. Kicheko kile ningekitazama vizuri zaidi, lakini nilikuwa na haraka ya ushindi.

Alhamisi saa tatu tukapangwa. Watu sitini na watatu, mistari miwili, mikono mapajani. Mama Pasi stoo. Meneja mbele, suti mpya, saa shingoni. Nadhani siku hizo alikuwa analala nayo. Mlango ukafunguliwa, akaingia mama mrefu mwenye viatu visivyo na visigino na daftari kifuani, na shemeji yangu nyuma yake.

"Hodi humu ndani?" akasema mgeni, kila silabi kwa zamu yake.

Tukainama sote kwa mpigo mmoja. Macho sakafuni. Kimya. Mvuke tu ndio uliokuwa ukipumua kwenye mabomba.

Alitueleza baadaye kwamba kwao hutazamana machoni, kidogo, halafu basi. Anayetazama chini ama ameiba ama amefiwa. Na kwa kuwa hakuamini watu sitini na watatu wanaweza kuiba asubuhi moja, akamgeukia shemeji yangu, akanong'ona, "Wamefiwa?" Shemeji akatazama dari, mtu asiye na msaada. Mgeni akafungua daftari, akatafuta ukurasa, akaupata, akamwendea Meneja kwa uso wa huzuni.

"Poleni sana kwa msiba mzito uliowapata."

Meneja alikuwa ameambiwa mgeni hatasema kitu. Maneno sita yakamwangukia kichwani kama robota. "Asante," akasema. "Asante sana. Tumeupokea kwa furaha kubwa."

Kwenye mstari wa vifungo mtu akakohoa kikohozi kisicho cha kifua.

Mgeni alimtazama Meneja muda mrefu. Kisha akafunga daftari. "Sasa nataka kuamkia. Mkubwa wenu yuko wapi?"

Meneja akanyoosha koti. "Ni mimi."

"Una miaka mingapi?"

"Arobaini na moja."

Macho ya mgeni yakapita kwenye mvi zangu, yakapita kwa mzee wa boila, yakarudi. "Hapana. Mkubwa wa umri. Nimeambiwa bila yeye siwezi kuanza na mtu. Ni kama kumpiga teke mama." Akakaa kwenye kigoda, magoti yakamfika karibu na kidevu. "Nitangoja."

Meneja akatutazama. Tukatazama sakafu, kama tulivyofundishwa. Dakika moja ikapita, mashati yake yanapotea. Nikainamisha kichwa mara moja, urefu wa mkono, nikasema kwa adabu zote, "Bwana Meneja, mkubwa yuko stoo. Ulimweka mwenyewe."

Akaenda. Funguo zilisikika zikikosa tundu mara mbili. Mama Pasi akatoka, nyuzi kwenye kitambaa cha kichwa, akipepesa macho kwa mwanga.

Mgeni akasimama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Nikaona dole gumba la Meneja likibonyeza saa. Mazoea yana laana.

Mama Pasi akamshika mgeni mikono yote miwili. Mgeni akakakamaa kama kola iliyotiwa wanga mwingi. Kwao, alituambia, mikono miwili ni ya daktari au ya polisi. Lakini hakuitoa. Wakaanza. Za safari, nzuri. Za usiku, nzuri. Za kwenu, nzuri. Baridi? Ipo. Mama yako je?

"Mama yangu mzima," akasema mgeni.

Mama Pasi hakusema kitu. Alingoja tu, vile anavyongoja. Mgeni akatazama daftari lake kwapani, akaliacha pale pale.

"Ila magoti yake," akasema polepole. "Hawezi tena kupanda ngazi kuja kwangu. Na mimi naenda nchi za watu. Kwake siendi."

"Pole, mwanangu. Ukirudi, anza na kwake."

"Nitaanza na kwake." Akavuta pumzi, ikawa zamu yake. "Habari za kazi, mama?"

"Nzuri, tunashukuru."

Mgeni akangoja. Huyu mtu alikuwa amefundishwa vizuri, na nusu ya mwalimu ni mimi. Kimya kikakaa mpaka tukasikia tone la maji likianguka mahali.

"Ila," akasema Mama Pasi, "lile bomba la mvuke la meza ya tatu. Kiungo chake kinatoa jasho. Likipasuka, anayesimama pale ni huyu binti wa vifungo, na watoto wake wamebakiwa na mzazi mmoja."

Mgeni akamgeukia Meneja. "Unajua?"

"Sijaambiwa."

"Nilikuambia, mwanangu," akasema Mama Pasi, bila ukali wowote. "Jumanne ya wiki iliyopita, mlangoni. Nilifika kwenye 'ila', ukabonyeza saa, ukasema muda umekwisha."

Tulikwenda wote meza ya tatu, mistari ikafa palepale. Mzee wa boila akafunga valvu, akangoja mvuke utulie, akakigusa kiungo kwa spana. Hakukaza. Alikigusa tu. Kikakatika mkononi mwake kama biskuti ya juzi.

Binti wa vifungo alikaa chini, juu ya robota, akashika kichwa.

"Mama," akasema mgeni, "kesho utanionyesha na mengine?"

"Kesho nina kikao, mwanangu. Saa nane."

"Kikao cha nini?"

Mama Pasi akatoa barua kwenye aproni. Imenyooka, ina makali pembeni kama shati la kijeshi. Akampa Meneja. "Nisomee. Macho yangu ya karibu yamechoka."

Meneja alisoma. Angeweza kukataa, lakini watu sitini na watatu walikuwa wameacha kutazama sakafu. Alipofika kwenye kosa, sauti ikashuka. "Kuamkia mfanyakazi mwenzake kwa dakika nne na sekunde kumi na mbili."

Mgeni akafikiri, midomo ikihesabu maneno. "Na mimi nimemwamkia dakika ngapi?"

Sote tukaitazama saa. Ilikuwa bado inakimbia pale kifuani, tiki tiki, juu ya tai yake. Meneja akaizima. "Kumi na saba," akasema. "Na sekunde arobaini." Alikuwa ameijumlisha na safari ya kwenda kwenye bomba, lakini sikumsahihisha.

"Basi na mimi nina kikao," akasema mgeni, akaandika kwenye daftari. "Kesho, saa nane. Nitakuja na barua yangu."

Namjua Meneja miaka sita. Sijawahi kumwona akirudi nyuma. Mwishowe akasema, "Kikao kimeahirishwa."

"Kimefutwa," nikasema. "Kuahirishwa tunakujua. Feni nayo iliahirishwa. Andika hapo nyuma ya barua, na saini."

Akaandika, kwenye meza ya pasi, kwa kalamu ya mgeni. Mkia wa panya safari hii ulitoka mfupi. Nikasoma mara mbili, nikampa Mama Pasi, akaikunja akairudisha kwenye aproni. Kisha akamtazama Meneja kuanzia viatu kwenda juu.

"Na wewe, mwanangu, hujaniamkia leo."

Wala jana. Wala mwaka jana. Miaka sita alikuwa akipita mlango ule na kutikisa kichwa kama anafukuza nzi.

"Shikamoo."

Mama Pasi akaweka pasi kwenye kikalio chake. Akaunyoosha ukosi wa suti yake mpya uliokuwa umekunjika upande. Akatoa uzi mmoja begani, akautazama kwenye mwanga. Mimi nilikuwa nahesabu, na najua hesabu yangu haikosei: moja, mbili, tatu, nne, tano. Ilipopita ya tano ndipo akasema, "Marahaba."

Mgeni sasa alikuwa huru kuendelea, akatuamkia mmoja mmoja, meza kwa meza, akingoja "ila" ya kila mtu na kuiandika. Alipofika kwangu nikajiweka sawa, nikaandaa maneno yangu. Hakunitazama. Aliinama juu ya meza, akasema kwa heshima kubwa, "Hujambo, mkasi? Habari za chaki?"

Pale mlangoni shemeji yangu alikuwa akichunguza kucha zake kwa makini ya daktari.

"Nimeambiwa na dereva," mgeni akanieleza kwa upole, "kwamba mkata kitambaa haamkiwi. Huamkiwa mkasi wake, naye humjibia."

Chumvi yangu ilikuwa imerudi mezani kwangu. Kulikuwa na njia mbili: nimwaibishe mgeni mbele ya watu, au nijibu. Nikaushika mkasi, nikaufungua na kuufunga mara moja.

"Hajambo," nikasema. "Za chaki nzuri, anashukuru."

Akangoja. Alikuwa mwanafunzi mzuri mno.

"Ila," nikasema, "makali yamemwisha tangu mwaka juzi. Ameomba jiwe la kunolea mara saba, kwa maandishi, na nakala ninazo. Na ana rafiki yake, feni, alikwenda kutengenezwa."

Mgeni akaandika yote, akampitishia Meneja daftari asome.

Jiwe lilifika Jumatatu. Feni bado.